Habari za Mlango wa Khunjerab na Barabara Yake

Watu waliopata kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanakijua kibanda cha Kibo, mahali ambapo wapanda mlima hulala saa chache kabla ya kuanza safari ya usiku kwenda kileleni. Kimo cha mahali hapo ni futi 15,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapana mti wala shamba, na mgeni akifika hapo kichwa humwuma, chakula humchukiza, na akiinama kufunga viatu vyake tu hutweta kama mtu aliyepanda mnazi mbio.

Sasa msomaji na afikiri kwamba mahali penye kimo kama hicho pamepita barabara ya lami, yenye upana wa kutosha malori mawili kupishana, na juu yake hupita malori yaliyojaa shehena, mabasi ya abiria na motokaa ndogo. Hii si hadithi ya kulalia watoto. Barabara hiyo iko katika bara la Asia, nayo huunganisha nchi ya Pakistan na nchi ya China. Na mahali pake pa juu kabisa, ambapo ndipo penye mpaka wa nchi hizo mbili, huitwa Khunjerab. Kimo chake ni mita 4,693, yaani futi 15,397. Katika njia zote za lami zivukazo mpaka wa nchi mbili, hii husemwa kuwa ndiyo ya juu kuliko zote duniani. Maana ya jina hilo kwa Kiwakhi, lugha ya wachungaji wa pande zile, husemwa kuwa ni kijito cha damu, au bonde la damu.

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze jinsi barabara iwezavyo kuvuka milima ambayo kwa mbali huonekana kama ukuta usio na mlango. Mito ya upande huu na mito ya upande wa pili huula mlima kidogo kidogo, miaka elfu na elfu, hata vyanzo vyao vikakaribiana. Mgongo wa mlima ulio kati yao hushuka, ukawa kama tandiko la punda, yaani mbele na nyuma pameinuka, katikati pamebonyea. Hapo ndipo pa kuvukia, na katika habari hizi tutapaita mlango wa milima. Basi mwenye kutaka kuvuka hatafuti kilele. Huufuata mto mpaka chanzo chake, akavuka tandiko, akashuka pamoja na mto wa upande wa pili. Wanyama wa mwitu walilijua jambo hilo kabla ya wanadamu, na wachungaji wakajifunza kwa kufuata nyayo zao.

Katika Khunjerab maji huachana njia. Theluji iyeyukayo upande wa kusini huingia katika mto Hunza, kisha Gilgit, kisha mto mkuu wa Indus, ikafika baharini karibu na Karachi, katika maji yale yale yaliyoleta majahazi Unguja na Mombasa kwa upepo wa kaskazi. Theluji iyeyukayo upande wa kaskazini haifiki bahari yo yote. Huingia katika mto Tarim na kupotea katika jangwa la China.

Barabara yenyewe huanza Hasan Abdal, mji ulio katika nchi tambarare karibu na Islamabad, ikaishia Kashgar katika China. Urefu wake wote ni kilometa 1,300 hivi, yaani maili 800, nao wazidi kidogo urefu wa reli ya kati kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Jina lake ni Barabara Kuu ya Karakoram, kwa kuwa Karakoram ndiyo safu ya milima ivukwayo. Kutoka Hasan Abdal huenda mpaka ikakutana na mto Indus, nayo haiachani na mito tena mpaka ikaribie mlango wenyewe. Hupita chini ya Nanga Parbat, mlima wenye futi 26,660, ambao Kilimanjaro ungewekewa nyongeza ya futi elfu saba ndipo ulingane nao.

Msomaji asidhani kwamba njia hii ilizaliwa pamoja na motokaa. Wafanya biashara na watafutao elimu ya dini walipita katika mabonde yale tangu zamani za kale. Mtawa mmoja wa Kichina, jina lake Faxian, aliondoka kwao mwaka 399 kwenda Bara Hindi kutafuta vitabu vya dini ya Buddha, akapita kando ya mto Indus, akaandika habari za magenge aliyoyapita. Hata katika siku za babu zetu wenyeji wa Hunza walikuwa na vijia vilivyowekwa ubavuni mwa majabali. Fundi hupigilia vigingi vya miti katika nyufa za jiwe, akatandika juu yake matawi na mawe bapa, na hiyo ndiyo njia. Upana wake ulimtosha mtu na mbuzi, pengine na punda aliyezoea. Chini yake mto ulikuwa ukinguruma, futi mia kadha wa kadha. Mirathi ya watu wale ilikuwa mashamba madogo ya ngazi, yaliyonyweshwa kwa mifereji iletayo maji ya barafu kutoka mbali, na miti ya matunda aina ya aprikoti. Wengi wao ni Waismaili, wafuasi wa Aga Khan, kama wale tuwajuao katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki. Walitawaliwa na mfalme wao mdogo aitwaye Mir mpaka mwaka 1974.

Misafara ya zamani iliyotoka Hunza kwenda Kashgar haikupenda kupita Khunjerab. Ilipita mlango mwingine ulio upande wa magharibi, jina lake Mintaka, ambao kimo chake ni karibu sawa. Hata wajenzi wa barabara kwanza waliufikiria huo huo. Lakini Mintaka iko karibu sana na Afghanistan na nchi iliyokuwa chini ya Warusi wakati ule, na katika miaka ya 1960 China na Urusi zilikuwa zimekosana. Wachina wakashauri njia ipite Khunjerab, mahali palipo mbali zaidi na macho ya jirani. Mara nyingi mtu huona barabara ikipinda mahali ambapo hapana mlima wala mto wa kuipinda, akashangaa. Na aulize habari za watawala, atapata jibu.

Pakistan na China zilipatana juu ya mpaka wao mwezi wa Machi, 1963. Pakistan ilikuwa imekwisha kuanza njia ya bonde la Indus tangu 1959, na mwaka 1966 nchi mbili hizo zikakubaliana kuifanya kazi pamoja. Katika mwaka huo huo Pakistan iliunda kikosi maalum cha askari wajenzi kwa ajili ya kazi hiyo. Barabara ikamalizika mwishoni mwa miaka ya 1970, na mlango wa Khunjerab ukafunguliwa kwa wasafiri wa kawaida mwaka 1986.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Mahali pengi hapakuwa hata na pa kuweka mguu. Watu walishushwa kwa kamba kutoka juu ya jabali, wakaning'inia kama waangua asali, wakatoboa jiwe, wakatia baruti, wakavutwa juu kabla haijalipuka. Mlipuko wa kwanza ulifanya kidaraja cha kusimama mtu mmoja, na wa kumi ukafanya mahali pa kuweka mashine. Tena baruti haichagui. Hukata lile jiwe unalolitaka, ikalegeza na mengine kumi ambayo hukuyataka, nayo huanguka leo, au kesho, au baada ya mwezi, wakati watu wanakula chakula. Kwa hesabu itolewayo mara kwa mara, Wapakistani 810 hivi na Wachina 200 hivi walikufa katika kazi hiyo, wengi kwa maporomoko na kwa kuanguka magengeni. Ukigawanya idadi hiyo kwa urefu wa barabara, utaona imezidi mtu mmoja kwa kila maili.

Karibu na mji wa Gilgit, mahali paitwapo Danyor, pana makaburi ya Wachina hao, yamepangwa safu safu ndani ya ua. Wasomaji wa Tanzania hawana haja ya kwenda mbali ili kuelewa makaburi kama hayo yana maana gani. Miaka ile ile, tangu 1970 mpaka 1975, Wachina wengine walikuwa wakijenga reli ya Uhuru kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, wakitoboa milima kati ya Mlimba na Makambako. Nao waliokufa katika kazi ile wana makaburi yao Gongo la Mboto. Kwa miaka kadha serikali moja ilikuwa na watu wake katika kazi mbili za namna moja, katika mabara mawili, wakati kwao wenyewe watu wengi walikuwa wakisafiri kwa miguu na baiskeli.

Na sasa tupande mpaka mlangoni. Mji wa mwisho upande wa Pakistan ni Sust, penye forodha, na kimo chake ni futi 9,000 na zaidi. Kutoka hapo ni maili 50 na kitu mpaka mpakani. Kwanza barabara huingia katika korongo jembamba, kuta zake tupu pande zote mbili, kisha mwishoni huanza kupanda kwa mizunguko, ikijikunja na kujikunjua, hata gari lililo mbele yako utaliona juu ya kichwa chako likienda upande uliotoka. Halafu, ghafula, mizunguko huisha, na mbele pana uwanda mpana wenye majani mafupi na theluji. Mgeni aliyetazamia kuona genge la kutisha husikitika kidogo. Upande wa China mteremko ni wa pole pole sana mpaka Tashkurgan, mji ulio maili 75 hivi mbele. Nchi zile za juu ni makao ya kondoo wa mwitu wenye pembe ndefu zilizojiviringa, na chui wa theluji. Pakistan iliifanya sehemu yake kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1975.

Hewa ya pale ni ile ile tuivutayo sisi, ila ni nyepesi. Pumzi moja ya Khunjerab ina nguvu iliyozidi kidogo tu nusu ya pumzi ya Tanga au Lamu. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma na usingizi kukatika. Mtu akizidiwa, dawa iliyo bora ni kushushwa chini upesi, na mwenye akili hangoji asubuhi. Injini nayo huvuta pumzi kama mtu. Mafuta hayawaki vema bila hewa, na injini ya kawaida isiyo na chombo cha kuisukumia hewa hupoteza kama sehemu mbili katika tano za nguvu zake. Lori lililopanda Sust kwa kiburi hufika juu likinyenyekea. Tena maji, ambayo pwani huchemka kwa digrii 100, huko juu huchemka kwa digrii 85 hivi. Mtu akiteleka maharagwe katika sufuria ya wazi yatatokota mchana kutwa, naye atakula maharagwe magumu.

Katika kushuka kuna hatari nyingine, ambayo madereva wetu wa Kitonga, katika njia ya Iringa, hawana haja ya kufundishwa. Mwenye kukanyaga breki muda wote huzichoma, na zikiisha kuungua hazishiki. Gia iliyompandisha mtu mlima ndiyo ya kumshushia. Dereva wa Khunjerab ana jambo jingine zaidi la kukumbuka. Katika Pakistan magari hupita upande wa kushoto, kama katika Kenya, Uganda na Tanzania, na katika China hupita upande wa kulia, kama katika Rwanda, Burundi na Kongo. Basi juu pale, kichwa kikiwa kinamwuma, dereva hana budi kubadili upande, kama wafanyavyo madereva wetu wanapovuka daraja la Rusumo.

Kwa mapatano ya zamani mlango ulifungwa wakati wa baridi, tangu Desemba mpaka mwisho wa Machi, kwa ajili ya theluji. Ulifungwa tena kwa sehemu kubwa tangu 2020 mpaka Aprili 2023 kwa sababu ya maradhi ya korona, na baadaye serikali mbili hizo zikapatana biashara iruhusiwe kupita mwaka mzima.

Msomaji aliyefika hapa labda atadhani kwamba mahali pa hatari kuliko pote katika barabara hii ni pale juu. Sivyo. Juu pana baridi na hewa haba, lakini nchi imekaa, haiendi po pote. Hatari kubwa iko chini mabondeni, katika kimo ambacho watu wanalima na kulala.

Sababu yake ni hii. Wataalamu wa elimu ya miamba wamepima na kuona kwamba nchi ya Bara Hindi inasogea kaskazini na kujisukuma chini ya Asia, kwa mwendo wa inchi moja na nusu au mbili kila mwaka, karibu sawa na ukucha wa mtu unavyokua. Milima ile imezaliwa kwa kusukumana huko, na bado inainuka. Miamba yake imepondwapondwa, matetemeko ya nchi huitikisa mara kwa mara, na mito huichimba miguu yake. Tena mabondeni mvua ni haba mno, hata hapana misitu ya kuufunga udongo kwa mizizi. Kwa hiyo mawe huanguka kila siku, na kila baada ya miaka kadha kipande cha mlima huja chini chote pamoja. Na kwa kuwa mabonde ni membamba, kipande hicho huwa kizibo cha mto.

Jambo hili lilikwisha kutokea kabla ya kuwapo barabara. Katika majira ya baridi ya 1840 na 1841 bega la mlima Nanga Parbat liliporomoka, likauziba mto Indus. Maji yakajikusanya nyuma yake miezi mingi, yakawa ziwa refu. Mwezi wa Juni, 1841, kizibo kikavunjika, na ziwa zima likashuka bondeni kwa siku moja. Mbali sana huko chini, karibu na Attock, jeshi la Masingasinga lilikuwa limepiga kambi kando ya mto, maji yakalichukua. Askari wale hawakuwa wameona tetemeko lo lote wala mlima wo wote ukianguka. Walikuwa katika nchi tambarare.

Habari hiyo ilikuwa katika fikira za wengi tarehe 4 Januari, 2010, ulipoanguka mlima juu ya kijiji cha Attabad, katika bonde la Hunza. Nyufa zilikuwa zimeonekana katika ardhi ya kijiji miaka kadha kabla. Nyumba zilianza kupasuka, na wapimaji wa serikali walikuja, wakatazama, wakasema kwamba watu wa sehemu ile ya juu hawana budi kuhama. Wengi wakahamishwa. Basi mlima ulipokuja, wengi wa wale waliohofiwa walikuwa wamekwisha kuokoka. Lakini ule mzigo mkubwa ulipoangukia chini bondeni uliupiga udongo laini wa zamani uliokuwa sakafuni mwa bonde, udongo ukaruka na kutiririka kama uji, ukakifikia kitongoji cha chini ambacho hakikudhaniwa kuwa katika hatari. Watu wapatao 20 walikufa, na wengi wao ni wa huko chini. Hapa kwetu pia, tope lilipotoka katika mlima Hanang mwezi wa Desemba, 2023, lilikwenda kuwaua watu wa Katesh, mji ulio chini ya mlima. Mwenye shamba juu ya mteremko huziona nyufa zake, huona chemchemi mpya ikitoka mahali palipokuwa pakavu, huona mlango wa nyumba unakataa kufungika. Aliye bondeni haoni cho chote kati ya hayo, wala hana wa kumpelekea habari isipokuwa yule wa juu.

Mto Hunza ukazibwa. Barabara kuu ikafukiwa kwa urefu mkubwa, na sehemu nyingine, nyuma ya kizibo, ikaanza kuzama. Maji yalipanda kila siku, pole pole, bila kelele. Watu wa Ayeenabad na Shishkat walibomoa nyumba zao wenyewe, wakachukua boriti, milango na madirisha, maana katika nchi isiyo na miti boriti ni mali, wakakata na miti ya matunda iliyopandwa na babu zao ili isipotee bure. Kisha wakakaa kilimani, wakatazama maji yakiingia mashambani. Ziwa likafika urefu wa maili 13 hivi, na kina chake futi 300 na zaidi. Watu elfu kadha walipoteza makao, na wengine wengi waliokuwa upande wa juu wakakatwa kabisa na nchi yao.

Huku chini vijiji vyote vya kando ya mto vilikuwa vikingoja mambo ya 1841. Watu wakahamishiwa katika kambi. Askari wajenzi wakachimba mfereji juu ya kizibo, ili maji yatakapofika yapate njia ya kutoka kidogo kidogo, yasikivunje kwa nguvu zao zote mara moja. Walichimba katika tope na mawe, wakishindana na ziwa linalopanda. Tarehe 29 Mei maji yakafika mferejini, yakaanza kumwagika. Siku zile watu walisikiliza mto usiku kucha. Kizibo hakikuvunjika. Maji yaliendelea kupita katika mfereji, na baadaye ukachimbwa zaidi ili ziwa lipungue.

Lakini barabara kuu ya Karakoram sasa ilikuwa na ziwa katikati yake, na hali hiyo iliendelea kwa miaka mitano. Mashua za mbao zililetwa, na shehena ikashushwa kutoka katika malori upande mmoja, ikapakiwa mashuani, ikapakiwa tena katika malori upande wa pili. Hata jipu na trekta zilivushwa juu ya mbao mbili zilizolazwa juu ya mashua. Mwezi wa baridi ziwa lilishika barafu, na mashua hazikuweza kwenda.

Walioumia zaidi ni wakulima wa viazi. Kabla ya barabara watu wa Hunza ya juu walilima ngano na mtama wa chakula chao. Barabara ilipofika wakaona kwamba viazi vya nchi ya baridi, hasa vya mbegu, vina bei nzuri katika miji ya tambarare, wakaacha nafaka, wakanunua unga kwa fedha ya viazi. Mabadiliko hayo yaliwapa nyumba za mawe, na shule, na vijana waliosoma mpaka vyuo vikuu. Basi njia ilipokatika walikuwa na ghala zimejaa viazi visivyoweza kusafirishwa, na hawana unga. Gharama ya mashua na ya wachukuzi ilikula faida yote. Wakulima wa Njombe na wa Kinangop, ambao mvua moja yaweza kuwazuilia lori siku tatu, watayapima wenyewe maneno haya. Wakati huo msaada wa chakula ulikuja kwa njia ambayo mzee wa zamani asingeitazamia: uliletwa kutoka China, ukavuka mlango wa Khunjerab, ukashuka mpaka vijijini. Mlango ule wa futi elfu kumi na tano ulikuwa wazi, na njia ya bondeni ndiyo iliyofungwa.

Wahandisi walipofikiri namna ya kuirudisha barabara waliona haifai kungoja ziwa likauke. Wakapanda juu zaidi ubavuni mwa bonde, wakaipitisha njia ndani ya mlima wenyewe. Njia mpya ina urefu wa maili 15 hivi, na ndani yake mna sehemu tano zilizotobolewa katika jabali, mbali na madaraja na mifereji mingi midogo ya kupitishia maji chini ya barabara. Kazi hiyo iliongozwa na kampuni ile ile ya Kichina iliyojenga baadaye reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Ilifunguliwa mwezi wa Septemba, 2015.

Ndani ya jabali mawe hayawezi kumwangukia mtu, ila penye milango ya kuingilia na kutokea, na huko pamejengwa kuta na dari. Lakini huwezi kuitoboa milima yote ya maili 500. Sehemu iliyobaki hulindwa kwa kazi ya kila siku, nayo ni kazi ya aina tuijuayo sisi sote tuliopata kusimamia barabara ya kijijini, ila ukubwa umezidi. Kwanza ni mitaro. Maji yakisimama kando ya barabara hupenya chini yake, na huko juu yakipenya huganda usiku, yakavimba, yakaipasua lami kama mkate. Baada ya hapo ni kuta za mawe za kuzuia udongo, na macho ya wale watu wenye majembe na mashine wakaao karibu na kila mahali pabaya. Asubuhi huzoa mawe yaliyoanguka usiku. Mahali pengine kazi hiyo imekuwa ikifanywa tangu siku ilipofunguliwa barabara, katika mteremko ule ule, na mlima haujaisha.

Mito ya barafu nayo ina madaraka yake. Karibu na kijiji cha Passu hushuka Batura, mto wa barafu wenye urefu wa maili 35 hivi, ambao ncha yake yakaribia barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi ya ujenzi ikiendelea bado, maji yake yaliharibu daraja lililokwisha kujengwa. Wajenzi hawakujua kama barafu ile inasonga mbele au inarudi nyuma. Na kama inasonga, kujenga daraja jingine ni kutupa fedha. Wataalamu wa Kichina wakakaa huko katika miaka ya 1974 na 1975, wakapima mwendo wake na unene wake, wakahesabu, wakatoa shauri kwamba barafu haitaifikia barabara. Daraja likajengwa upya kwa shauri hilo. Hiyo ni miaka miwili ya kutazama barafu ikienda, kwa ajili ya daraja moja.

Ziwa la Attabad lipo hata leo. Maji yake ni ya rangi ya samawati iliyokoza, na watu wa mijini huja kwa mabasi kulitazama, wakalala katika hoteli zilizojengwa kando yake. Mashua zilizovusha viazi na majipu siku zile zimefuatwa na nyingine zilizopakwa rangi, nazo huwachukua wageni kuzunguka ziwani kwa malipo. Mwenye mashua akiulizwa huonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na nyumba na miti ya aprikoti. Barabara ya zamani, ile iliyotobolewa na watu wa kamba, iko chini ya maji hayo.